Mwethya Kabla ya Mfadhili

Daftari la kikundi cha mwethya, yaani cha kazi ya pamoja ya Wakamba, lina safu nne: jina, tarehe, kazi na faini. Nilianza kuandika madaftari ya namna hiyo nikiwa bado msichana wa shule huko Kilungu, kwa sababu mama yangu na wenzake hawakujua kusoma na walitaka karani ambaye hangempendelea mtu wala kumwonea. Baadaye niliolewa Kisasi, ng'ambo ya mto Athi, nikakuta wanawake wa Kitui nao wana daftari lenye safu zile zile na karani aliyekuwa amehamia Mombasa. Nilikabidhiwa kalamu kabla sijayajua majina ya mashemeji wote. Kutoka hapo nikaingia katika kazi ya kuhamasisha vikundi, nikala mshahara wa shirika hili na lile mpaka nikastaafu.

Kila shirika lililonilipa lilikuwa na ripoti zake, na karibu zote zilianza historia ya Ukambani siku gari la mradi lilipofika. Kabla ya gari kulikuwa na ukame, baada ya gari kukawa na maendeleo. Mimi niliyeandika madaftari najua kwamba gari lilipofika lilikuta watu wamekwisha kuamkia kazini. Pesa za nje zilitufaa sana pale zilipokuta kazi inaendelea na watu wenye uwezo wa kumwambia mwenye pesa "hapana". Zilipotangulia kazi, ziliinunua, na zilipokwisha kazi nayo ikalala.

Mwethya ya zamani ilikuwa kazi ya siku moja. Mtu aliyetaka kujenga nyumba, kulima shamba lililomshinda au kupalilia kabla magugu hayajameza mtama aliwaita majirani wa utui wake, yaani mtaa wake, akapika, akatengeneza pombe, nao wakaja na majembe yao. Ilikuwepo pia mwilaso, kikundi kidogo cha marafiki waliozunguka shamba kwa shamba kwa zamu. Hakuna aliyelipwa. Mtu asiyekuja kwa wenzake bila sababu alijua kwamba siku yake ikifika atalima peke yake, na wakati wa mvua za Novemba, ambazo huku kwetu ndizo mvua za kutegemewa, kulima peke yako ni kuchelewa kupanda, na kuchelewa kupanda ni kukosa. Faini ile ya daftari ilikuja kuchukua nafasi ya aibu hiyo.

Serikali ya kikoloni iliijua mwethya lakini ilichelewa kuielewa. Miaka ya 1930 maafisa wake walitembea Machakos, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni yote, wakaona makorongo na vilima vitupu, wakaandika kwamba nchi inakufa. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa hifadhi ya udongo, aliandika ripoti nzima juu ya mmomonyoko katika hifadhi ya Wakamba. Aliyoyaona yalikuwa kweli, sitamkosoa kwa hilo. Dawa iliyochaguliwa ndiyo iliyokuwa ya ajabu: kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu. Kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River na kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi, kwa hiyo wenye mifugo hawakuhitaji kuelezwa mara mbili nani angefaidika na hifadhi hiyo ya udongo. Mwezi wa Julai 1938 Wakamba wengi, wanaume kwa wanawake, walitembea kwa miguu hadi Nairobi wakapiga kambi kwa majuma kadhaa wakidai kumwona gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini serikali ilirudi nyuma, na uuzaji wa lazima ukasimamishwa. Babu zetu walijifunza kwamba "hapana" inaweza kusikika, ikiwa waliosema ni wengi na wamechukua chakula cha kutosha.

Sehemu kubwa ya Makueni ya chini, hii tunayoiona leo imejaa miembe na machungwa, ilikuwa bado pori la mbung'o na vifaru. Serikali ilipoamua kuhamishia watu huko, ilimwajiri mwindaji J.A. Hunter asafishe njia, naye kati ya 1944 na 1946 aliwaua vifaru wapatao elfu moja. Pori likafyekwa, visima vikachimbwa, viwanja vikagawiwa kwa masharti: matuta shambani, mifugo ya idadi maalum, nyasi zisichomwe. Pesa zilitoka katika mpango wa maendeleo ya ardhi za Waafrika ulioanzishwa mwaka 1946, ambao wazee mpaka leo wanauita Aldev. Huo ndio mradi mkubwa wa kwanza ulioletwa kwetu kwa bajeti ya miaka kadhaa, na ulikuja na tabia ambazo ningezikuta baadaye kwa wafadhili wengine: haraka ya kuhesabu, na imani kwamba mtu akipewa kitu kizuri hana haja ya kuulizwa.

Katika maeneo ya zamani, Kilungu na Mbooni, kazi ya matuta ililazimishwa. Chifu alitaja siku, askari wake wakapita nyumba kwa nyumba, asiyetokea akapelekwa barazani kutozwa. Wanaume wengi walikuwa jeshini, polisi, reli au kwenye mashamba ya wazungu, kwa hiyo waliotoka na majembe walikuwa wanawake. Mama alikuwa msichana wakati huo. Alisema walichimba kwa kina cha kuridhisha macho ya askari, na mvua ya kwanza ikasawazisha. Maafisa walishangaa kwa nini kilomita nyingi za matuta zilizoandikwa vitabuni hazikuonekana milimani.

Hapo katikati ya miaka ya 1950 jambo likabadilika, na ningependa watu wanaogawa ruzuku wakae nalo kidogo. Maafisa wa maendeleo ya jamii waliacha magenge ya chifu wakakubali watu wafanye kazi katika vikundi vya mwethya, vikichagua viongozi wao, vikiamua shamba la nani litangulie. Udongo ulikuwa ule ule, na jembe na jua ni yale yale. Matuta yakaongezeka kwa kasi, na yakadumu, kwa sababu sasa kila mwanamke alijua shamba lake lina siku yake katika zamu na wenzake watalitazama tuta lake kwa macho makali kuliko ya askari. Wanawake hao ndio walioshika uongozi. Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 1952, ilipata wafuasi wengi Ukambani, na ingawa serikali iliianzisha kwa sababu zake za kisiasa wakati wa hali ya hatari, akina mama waliitumia kwa sababu zao.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, matuta mengi yaliachwa. Yalinuka ukoloni. Wanasiasa waliokuwa wamewaambia watu kwamba kuchimba mitaro ni utumwa hawangeweza kugeuka mara moja wakasema ni uzalendo. Ilichukua miaka kadhaa, na njaa, kwa wakulima kurudi wenyewe kwenye fanya juu, ule mtindo wa kutupa udongo upande wa juu wa mtaro ili shamba lijisawazishe taratibu. Safari hii hakuna aliyewatuma. Kahawa ya milimani na mboga zilikuwa na soko Nairobi, na shamba lisilo na tuta halikuzaa cha kuuza.

Wakati huo huo harambee ilikuwa imeshika nchi. Philip Mbithi, msomi wa sosholojia na Mkamba mwenzetu, pamoja na Rasmus Rasmusson, walichapisha mwaka 1977 kitabu chao juu ya kujitegemea nchini Kenya kupitia harambee, na kukisoma kwangu ilikuwa kama kusikia majirani wakizungumza. Walionyesha jinsi watu wa vijijini walivyojenga shule na zahanati kwa mikono na senti zao, mara nyingine wakijenga kwanza ndipo serikali ilazimike kuleta mwalimu au muuguzi. Ilikuwa mbinu: unajenga ukuta ili umwaibishe mkubwa alete paa. Harambee baadaye iliharibiwa na wanasiasa waliokuja na bahasha na kipaza sauti, wakatangaza michango yao huku wa mjane ukitajwa kwa jumla. Lakini pale mwanzo, mwenye kijiji ndiye aliyeamua nini kijengwe.

Mwaka 1978 Jumuiya ya Ulaya ilianza kufadhili mpango wa maendeleo wa Machakos, uliodumu mpaka 1988. Watu wengi wanakumbuka magari yake. Mimi nakumbuka majembe, sururu, karai na wilbaro. Kikundi kilichokuwa kikifanya kazi kilipewa vifaa, basi, na vifaa vikabaki mali ya kikundi. Mwanamke aliyekuwa akichimba kwa jembe lililokwisha makali akapata sururu nzuri, na kazi ya asubuhi mbili ikawa ya asubuhi moja. Kati ya misaada yote niliyoona, huo wa vifaa ndio uliogharimu kidogo na kufaa sana, na ndio ulioandikwa kwa mistari michache katika ripoti, kwa sababu sururu haipigwi picha nzuri.

Njaa ya 1984 ilileta jambo jingine. Watu walikuwa na pesa mfukoni na hakuna mahindi sokoni. Yakaja mahindi ya manjano, yakaja mashirika mengi kwa mara moja, na pamoja nayo mtindo wa chakula kwa kazi: chimba mita kadhaa, upate kilo kadhaa. Sitaki kuuhukumu kwa ukali, kwa sababu mwaka ule watoto walikula kwa sababu yake. Ubaya wake ulikuja njaa ilipokwisha na mtindo ukabaki. Shirika moja nililolifanyia kazi, ambalo sitalitaja, liliendelea kulipa kwa mita miaka kadhaa baada ya mavuno mazuri. Katika daftari nililoshika wakati huo safu ya faini ilikauka, kwani hakuna anayetozwa faini kwa kukosa kibarua. Anakosa malipo tu. Walichimba mahali palipo rahisi kuchimba, wakaacha penye mwamba na mteremko mkali, yaani pale hasa palipohitaji tuta. Na siku malipo yalipokoma nilisikia swali ambalo sikuwahi kulisikia Kilungu: "Leo kuna nini?" Tulipojibu kwamba leo kuna shamba la mama fulani, mgonjwa, waliokuja walikuwa wachache na walitazamana.

Jambo lililoleta heshima kwa Kitui na Makueni katika vitabu vya dunia ni mabwawa ya mchanga. Mito yetu mingi ni ya msimu. Mvua ikinyesha, mto unashuka kwa ghadhabu siku mbili tatu, kisha unabaki mchanga mtupu, na chini ya mchanga huo mna maji. Mabibi zetu walichimba vishimo mtoni wakachota kwa kibuyu. Kadiri kiangazi kilivyoendelea kishimo kilizidi kwenda chini, mpaka mwanamke akawa anaingia mzima na juu anaonekana punda tu akingoja na mitungi. Bwawa la mchanga linajengwa kwa kusimamisha ukuta wa mawe na saruji kuvuka mto, ukikaa juu ya mwamba. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga mzito unatua nyuma ya ukuta, matope mepesi yanapita juu na kwenda zake. Baada ya msimu mmoja, miwili au mitatu nyuma ya ukuta pamejaa mchanga, na kati ya chembe zake yamekaa maji ambayo jua haliyafikii kwa urahisi na mbu hawezi kuzaa ndani yake. Kingo za mto zinalowa, kisima cha pampu kinachimbwa kando, majani ya ng'ombe yanaota.

Kuta za namna hiyo zilijengwa tangu enzi za Aldev, lakini aliyezifanya kazi ya vikundi ni Joshua Mukusya wa Utooni, karibu na Kola, mpakani mwa Machakos na Makueni. Mwaka 1978 yeye na majirani zake wachache waliunda kikundi cha kujisaidia na kuanza na ukosefu wa maji. Walichimba matuta na kupanda miti pamoja na kujenga ukuta, kwa kuwa shamba lisilo na matuta linashusha matope mtoni na kuliharibu bwawa. Mwingereza Simon Maddrell, aliyemfahamu Mukusya tangu akiwa kijana wa kujitolea miaka ya 1980, alirudi kwao akaunda mwaka 2002 shirika la Excellent Development, ambalo leo linaitwa Sand Dams Worldwide, lichangishe pesa Uingereza kwa ajili ya vikundi hivyo. Angalia mpangilio wa tarehe. Kikundi kilikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kazi kabla shirika la kukisaidia halijazaliwa.

Upande wa Kitui, mwaka 1990 Profesa G-C. M. Mutiso na wenzake walianzisha shirika la SASOL. Wao walijenga kwa mfululizo: mto mmoja unapata kuta nyingi kutoka juu hadi chini, ili maji yote ya bonde yapande. Katika mabonde kama la Kiindu walijenga hivyo, na kwa jumla wakajenga mamia ya mabwawa katikati mwa Kitui kwa pesa za wafadhili mbalimbali wa Ulaya. Wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Vrije cha Amsterdam walikuja kupima kina cha maji, na wazee wakazoea kuwaona vijana weupe wakilala kifudifudi mtoni na vifaa vyao.

Makubaliano yalikuwa yale yale kwa karibu mashirika yote. Shirika lilileta saruji, vyuma, mbao, fundi na ramani. Kikundi kilileta mawe, mchanga, maji ya kuchanganyia na mikono. Kwa anayesoma hilo ofisini linaonekana jepesi. Mawe yalikusanywa milimani kwa miezi, kichwani na kwa punda, kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafika. Maji ya kuchanganyia yalitoka mbali, maana ni kiangazi, na bwawa hujengwa kiangazi. Mawe hayo yalikuwa kipimo. Shirika lenye busara liliangalia rundo la mawe kabla ya kuangalia barua ya maombi, kwa kuwa barua inaweza kuandikwa na mwalimu mmoja usiku mmoja.

Nakumbuka mahali ambapo mhandisi kijana alitaka ukuta ukae penye kona ya mto, karibu na barabara. Mama mmoja mzee, mwanachama wa tangu mwanzo, alimwambia kwa upole: "Mwanangu, hapo mwamba hakuna. Nimechota maji hapa tangu nilipoletwa kwa ndoa." Kijana akasema vipimo vitaonyesha. Akashindilia chuma chake cha kupimia, kikazama mpaka kikakwisha. Aliomba apelekwe anakojua yule mama, na ukuta umesimama huko mpaka leo. Nisionekane nasema wanakijiji hawakosei, maana mahali pengine kamati nzima ilishikilia ukuta ukae mbele ya nyumba ya mwenyekiti wao, ambapo mto una kingo za udongo laini, na mhandisi alikataa hata walipomnunia. Alikuwa na haki. Mabishano hayo mawili yalichukua wiki na hayakuwa na nafasi katika ratiba yoyote ya mradi, lakini bila hayo tungekuwa na kuta mbili za kupambia mto.

Sasa nije kwa waliopima, kwa sababu sisi tuliofanya kazi hii tuna mapenzi nayo na mapenzi hayaoni vizuri.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao juu ya Machakos ya zamani, Makueni ikiwemo, kuanzia miaka ya 1930. Watu walikuwa wameongezeka kutoka takriban 240,000 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na nchi ile iliyotabiriwa kufa ilikuwa na mmomonyoko mdogo kuliko zamani, miti mingi zaidi, na mavuno makubwa kwa kila mtu. Sifa waliwapa wakulima, masoko, barabara na pesa za mishahara ya mjini zilizorudi shambani. Miradi waliitaja kama msaidizi. Wako waliowapinga wakisema picha yao iling'aa mno na kwamba maskini wa maeneo makavu hawakuonekana vizuri ndani yake. Mimi niliyevuka Athi kuolewa nakubaliana na wapinzani kwa kiasi: Kilungu ina baridi na kahawa, Mutomo na Ikutha hazina, na mtu asipime mguu wa Ikutha kwa kiatu cha Kilungu.

Juu ya mabwawa yenyewe, mwaka 2015 Josep de Trincheria na wenzake, akiwemo Erik Nissen-Petersen, mhandisi Mdenmark aliyefanya kazi Ukambani miaka mingi na kuandika miongozo ya ujenzi inayotumika mpaka sasa, walichunguza mabwawa ya kusini mashariki mwa Kenya. Mengi waliyoyakuta yalikuwa yamejaa matope laini badala ya mchanga, na yalitoa maji machache kuliko yaliyotarajiwa. Sababu kubwa waliyoitaja ni kwamba ukuta ulipandishwa wote kwa mara moja. Ukuta mrefu unatuliza maji yote, na matope ambayo yangepita juu yanakaa. Ukiupandisha kwa ngazi, kila msimu wa mvua kidogo, unapata mchanga safi. Habari hizo ziliwaudhi wengi katika kazi hii. Miye nilizisoma nikakumbuka kalenda zetu. Kujenga kwa ngazi kunataka fundi arudi mwaka wa pili na wa tatu, na pesa ya mfadhili ilikuwa ya miezi kumi na miwili, ikiisha inahesabiwa, na ripoti inataka "bwawa limekamilika". Nathubutu kusema kwamba matope mengi yaliyo katika mito yetu yaliletwa na mwaka wa fedha.

Lakini upande wa pili nao una ushahidi. Mwaka 2016 Cate Ryan na Paul Elsner walitumia picha za satelaiti kulinganisha sehemu zenye mabwawa ya mchanga na zisizo nayo, wakakuta mimea ya karibu na mabwawa ilivumilia ukame vizuri zaidi. Kwa hiyo bwawa lililojengwa vizuri linafanya kazi, lililojengwa vibaya halifanyi, na idadi ya mabwawa katika ripoti ya mwaka haikuambii ni yapi.

Utafiti ulionigusa zaidi haukufanywa kwetu, ulifanywa magharibi ya Kenya, upande wa Busia. Mary Kay Gugerty na Michael Kremer walichapisha mwaka 2008 matokeo ya kufuatilia vikundi vya akina mama, vingine vikipewa msaada kutoka nje na vingine vikingojea zamu. Vilivyopewa havikuwa na nguvu zaidi katika kazi yao ya pamoja. Kilichobadilika ni nyuso. Wanawake wenye elimu na kipato, na wanaume pia, waliingia na kushika nafasi za uongozi, na akina mama wakongwe na maskini, ambao kikundi kiliundwa kwa ajili yao, walianza kutoka. Niliposoma hayo nilifungua madaftari yangu ya zamani. Majina ya kwanza yaliandikwa kwa kidole gumba cha wino. Baada ya ruzuku ya kwanza kubwa mweka hazina ni mke wa mwalimu, katibu ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, na katika ukurasa wa mahudhurio wale wa kidole gumba wanapungua mwezi baada ya mwezi. Hakuna aliyewafukuza. Mikutano ilianza kufanyika kwa Kiingereza cha mgeni na tafsiri ya haraka, fomu zikataka sahihi, na mama wa kuchota maji akaona hana la kusema.

Tangu 2013 tuna serikali za kaunti, na Makueni ilijaribu jambo ambalo linafanana na mwethya ya miaka ya 1950 kuliko wanavyokiri wataalamu. Wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, aliyeongoza hadi 2022, bajeti ilijadiliwa kuanzia vijijini, na mradi ukawa na kamati ya wananchi iliyoukagua na kutia sahihi kabla mkandarasi hajalipwa. Nimewaona wakandarasi wakisubiri kwa unyenyekevu mbele ya mama mwenye kanga, kwa sababu kalamu iko mkononi mwake. Mfumo una mapengo yake, na kamati nazo huonjeshwa asali, lakini haki ya kukataa imeandikwa mahali.

Tatizo jipya ni mchanga wenyewe. Nairobi inajengwa kwa mchanga wa mito yetu. Lori linalipa pesa taslimu siku hiyo hiyo, na bwawa linalipa maji polepole. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, na Kitui chini ya Gavana Charity Ngilu ilipiga marufuku mwezi wa Januari 2018 usafirishaji wa mchanga na makaa nje ya kaunti. Magomvi ya mchanga yamewahi kumwaga damu. Vijana waliokuwa wakipakia malori usiku wengine ni watoto wa wale wanawake waliobeba mawe ya ukuta, na hakuna askari wa kaunti anayeweza kulinda mto ambao mwenye nyumba ya karibu ameamua kuuuza. Palipo na kikundi hai, lori halishuki mtoni. Palipo na ukuta tu, mchanga unaondoka na maji yake.

Kwa hiyo wewe uliye na pesa na nia njema, na wako wengi, usije Kitui mwezi wa Desemba wakati kila bwawa lina maji na kila kikundi kina nyimbo. Njoo Septemba, mwaka wa sita au wa saba baada ya jiwe lako la msingi, bila kutangaza. Chimba mchangani uone unafika wapi kabla ya kupata unyevu. Uliza nani aliyekuwa kiongozi kikundi kilipoanza na yuko wapi leo. Uliza ni lini mara ya mwisho walikataa jambo uliloleta wewe au mwenzako. Wakisema hawajawahi, fungua macho. Na kama bajeti yako ni ya mwaka mmoja tu, usianzishe bwawa jipya: nunua saruji ya ngazi ya pili ya ukuta ambao wenyewe wamekwisha kuuanza.